Skii miguuni, bunduki mgongoni: mwanabiathloni analipwa na nani?

Kila Olimpiki ya majira ya baridi ikikaribia, kuna video fupi isiyokosa kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Dada mmoja anateleza juu ya theluji, bunduki iko mgongoni. Anafika mahali, anajitupa kifudifudi, anapiga risasi tano, anainuka. Kisha, badala ya kuendelea na safari yake, anaingia kwenye kijia cha duara na kuzunguka humo kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Maoni chini ya video hayabadiliki mwaka hadi mwaka. "Hao ni wanajeshi, wapo mafunzoni." "Mbona anazunguka sasa?" "Wazungu bwana." Na katikati ya kelele hizo hutokea mtu mmoja akauliza swali la maana: "Hivi huyu, tukiweka kando mchezo, anafanya kazi gani?"

Swali hilo ndilo nataka kulijibu, kwa sababu jibu lake haliko mbali na sisi. Ukimjua mkimbiaji wa Iten au wa Arusha, namna anavyoajiriwa, anavyopigania nafasi kwenye timu ya taifa na sababu zinazomfanya siku moja abadili bendera, basi nusu ya maisha ya mwanabiathloni unayajua tayari. Kilichobaki ni theluji.

Tuanze na mchezo wenyewe

Jina limeunganisha Kilatini na Kigiriki: mbili, na shindano. Wapo wanaolichanganya na mashindano ya kukimbia na kuendesha baiskeli, lakini hayo ni mengine. Biathloni ni mbio za skii za masafa pamoja na kulenga shabaha kwa bunduki. Nasema skii za masafa kwa makusudi, si zile za kuporomoka kutoka kileleni. Hapa mlima unapandwa kwa miguu na mikono ya mchezaji mwenyewe, na bunduki haishuki mgongoni ila wakati wa kupiga. Kanuni zinataka bunduki hiyo isipungue kilo 3.5. Mchukue mtoto mchanga aliyezaliwa na uzito mzuri, mfunge kwa kanga mgongoni, halafu panda naye mlima mbio. Ndivyo hivyo.

Risasi ni ndogo, za kipenyo cha .22. Shabaha ziko umbali wa mita 50, karibu sawa na kutoka katikati ya uwanja wa mpira hadi golini, na zimepangwa tano kwa mstari. Anayepiga akiwa amelala kifudifudi analenga duara la milimita 45, ukubwa wa ndimu. Anayepiga akiwa amesimama anahurumiwa kidogo kwa sababu mwili uliosimama unayumba, hivyo duara lake ni la milimita 115, karibu na ile CD ya muziki tuliyokuwa tukinunua zamani.

Na kile kijia cha duara? Ni adhabu. Kila shabaha uliyoikosa inakugharimu mzunguko mmoja wa mita 150, yaani sekunde ishirini na kitu, huku wenzako wanatokomea. Katika mbio zilizo kongwe kuliko zote, za kilomita 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, hakuna kuzunguka: kila kosa linaongezewa dakika nzima kwenye muda wako. Zipo pia mbio fupi, za kufukuzana, za kuanza pamoja na za kupokezana. Sitazipitia moja moja. Ukishaielewa adhabu, mengine utayaelewa ukitazama.

Hapo panatufikisha kwenye imani ya kwanza iliyopotoka, kwamba mwenye mbio ndiye mshindi. Biathloni iliingia Olimpiki mwaka 1960, Squaw Valley, Marekani. Siku hiyo Mfaransa Victor Arbez aliteleza kwa kasi kuliko wote, lakini alikosa shabaha 18 kati ya 20. Adhabu ya wakati huo ilikuwa dakika mbili kwa kila kosa. Piga hesabu: dakika 36 juu ya muda wake. Dhahabu ilikwenda kwa Msweden Klas Lestander, ambaye kwa kasi ya skii peke yake alikuwa wa 15, ila hakukosa hata shabaha moja.

Imani ya pili ni kwamba watu hawa wana ujanja wa kuusimamisha moyo kabla ya kufyatua. Hakuna moyo unaosimamishwa. Mchezaji anafika uwanja wa shabaha moyo ukipiga mara 160 au zaidi kwa dakika, na hana muda wa kusubiri utulie, maana walio bora humaliza risasi zote tano kwa nusu dakika hivi au pungufu. Anachojifunza, mwaka baada ya mwaka, ni kupiga katikati ya pumzi na pumzi mwili ukiwa umechoka. Mazoezi mengi ya hilo hufanyika nyumbani bila risasi: anainua bunduki, analenga alama ndogo ukutani, anafyatua tupu, anarudia. Majira ya joto, theluji ikiisha, mazoezi yanahamia barabarani kwa skii za magurudumu. Mtu wa kiwango cha juu hufanya mazoezi ya saa 800 na zaidi kwa mwaka. Gawa kwa siku 365, ukitoa siku za kusafiri na za kuumwa, utaona kwamba hapo hapabaki nafasi ya kwenda ofisini.

Kwa hiyo nani anamlisha?

Je, ni wanajeshi au siyo?

Aliyeandika kwenye grupu kwamba hao ni wanajeshi hakukosea sana. Mchezo huu ulizaliwa jeshini. Katika Olimpiki ya Chamonix ya mwaka 1924 palikuwa na shindano la doria ya kijeshi: askari kwenye skii, na bunduki. Mashindano ya kwanza ya dunia ya biathloni yenyewe yalifanyika Saalfelden, Austria, mwaka 1958. Mwanzoni walitumia bunduki kubwa za aina ya kivita, na hizi ndogo za .22 zilishika nafasi mwishoni mwa miaka ya 1970. Wanawake walisubiri hadi Albertville 1992 ndipo nao wakaruhusiwa kushindana Olimpiki.

Leo hakuna anayepelekwa vitani kwa sababu ya biathloni. Lakini tazama mshahara unatoka wapi. Ujerumani inaajiri wanamichezo wake wa majira ya baridi katika jeshi, polisi ya shirikisho na idara ya forodha. Ndiyo, forodha: Magdalena Neuner na Laura Dahlmeier, wanawake wawili waliopendwa sana na Wajerumani katika mchezo huu, wote walikuwa waajiriwa wa forodha. Italia inao Carabinieri (polisi wa kijeshi), jeshi, polisi, na Guardia di Finanza, kikosi kinachofukuzana na wakwepa kodi na magendo. Dorothea Wierer, mzaliwa wa kaskazini kabisa ya Italia kunakozungumzwa Kijerumani, aliteleza miaka yote akiwa mtu wa kikosi hicho. Ufaransa nayo ina jeshi na forodha.

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kufafanuliwa zaidi. Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025, ni askari wa JWTZ. Juma Ikangaa alikuwa mwanajeshi. Kenya, Faith Kipyegon ni afisa wa polisi, na ukienda kwenye mashindano ya taifa utasikia majina ya vikosi yakitangazwa kana kwamba ni vilabu vya mpira: Polisi, Magereza, KDF. Mfumo ni uleule. Serikali inamweka mtu kwenye orodha ya mishahara, inamwachia muda wa mazoezi, na yeye anailetea bendera. Akistaafu michezo, mara nyingi ana kazi ya kurudia. Tofauti ni kwamba kule Ujerumani na Italia jambo hili limepangwa kiasi kwamba kijana wa miaka 18 anaweza kuliwekea hesabu kabla hajashinda chochote kikubwa.

Kuna nchi zisizofuata njia hii, na ajabu ni kwamba mojawapo ndiyo kubwa kuliko zote katika mchezo. Norway haiwategemei wanajeshi wa mishahara kama Ujerumani. Huko ni shirikisho, ruzuku za michezo na wadhamini. Mchezaji anauza nafasi ya tangazo kwenye kofia yake na kwenye kitako cha bunduki, na kofia ya bingwa wa Norway ni mali, kwa sababu nchi nzima huwa inatazama. Marekani ni hadithi nyingine: wachache wako kwenye Jeshi la Akiba la majimbo, hasa Vermont, na waliobaki wanaishi kwa michango, wafadhili na subira. Lowell Bailey alikuwa amekwisha kupanga kustaafu, umri umesogea, hajawahi kuwa bingwa. Akapata kazi ya kusaidia kujenga kituo cha michezo ya skii Bozeman, Montana, na kazi hiyo ikamwezesha kuongeza miaka michache. Februari 2017, kule Hochfilzen, Austria, akiwa na miaka 35, alipiga shabaha 20 kati ya 20 na kumshinda Mcheki Ondřej Moravec kwa sekunde 3.3. Akawa Mmarekani wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa biathloni. Ajira ndiyo iliyompa nafasi hiyo. Kasi alikuwa nayo miaka yote.

Pesa za ushindi zipo, lakini usidhani ni za mpira wa miguu. Mshindi wa mbio moja ya Kombe la Dunia katika misimu ya karibuni amekuwa akipata karibu euro 15,000, kiasi kinachopungua haraka kadiri unavyoshuka kwenye msimamo. Anayeshinda mara nyingi anaishi vizuri sana, hasa akiwa na wadhamini. Anayemaliza wa 35 kila wiki ni mtu anayejulikana kijijini kwao, anayeonekana kwenye televisheni za Ulaya, na ambaye mshahara wa forodha ndio unaolipa kodi ya nyumba.

Ngazi, na watu walioziba ngazi

Shirikisho la kimataifa, IBU, lilianza mwaka 1993 na makao yake ni karibu na Salzburg, Austria. Lenyewe ndilo linaloendesha Kombe la Dunia, ambalo jina lake linawachanganya wengi. Si mashindano ya kila miaka minne. Ni kama ligi: linaanza mwishoni mwa Novemba na kumalizika Machi, kila wiki mji tofauti. Hochfilzen, Oberhof, Ruhpolding, Antholz, Holmenkollen. Wachezaji wanakusanya pointi, anayeongoza anavaa jezi ya njano, na mwisho wa msimu mwenye pointi nyingi anapewa tuzo ya kioo yenye umbo la dunia. Mashindano ya dunia ya medali ni jambo lingine ndani ya msimu uleule, na Olimpiki ni lingine tena. (Antholz, uwanja wa biathloni wa Olimpiki ya 2026, unaogopwa kwa hewa yake nyepesi. Uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Nairobi angeshangaa kinacholalamikiwa ni nini.)

Chini ya Kombe la Dunia liko Kombe la IBU, ambalo ni kama ligi daraja la kwanza, na chini yake mashindano ya vijana. Njia ya kawaida ni hii: mtoto anaanza kwenye klabu ya kijijini, mara nyingi kwa bunduki ya upepo, anaingia sekondari ya michezo ambako masomo yanapangwa kuzunguka mazoezi, anashindana kama kijana, anapanda Kombe la IBU, kisha siku moja mkubwa mmoja anaugua na simu inamlilia yeye.

Lakini nafasi hazigawiwi kwa mtu. Zinagawiwa kwa nchi. Mataifa yaliyo juu hupata hadi nafasi sita katika mbio za Kombe la Dunia, yaliyo chini hupata pungufu. Olimpiki hakuna nchi inayozidisha watu wanne katika mbio moja. Sasa fikiria uko Norway, unaweza kuwa mtu wa nane kwa ubora duniani na bado ukatazama Olimpiki kwenye televisheni. Mkenya yeyote aliyewahi kufuatilia majaribio ya taifa ya mita 5,000 anajua kidonda hicho: kuna wakimbiaji wangepata medali laiti wangepata nafasi.

Na kidonda kile kina dawa ileile. Stephen Cherono wa Kenya alihamia Qatar mwaka 2003, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, akawa bingwa wa dunia wa mbio za kuruka viunzi na maji mwaka huohuo. Kwenye biathloni mifano ni mingi, ingawa huko hawabadilishi majina. Anastasiya Kuzmina alizaliwa Urusi. Baada ya kujifungua mwaka 2007 aliona kwamba nafasi yake kwenye timu ya Urusi imekuwa finyu, akahamia Slovakia. Aliishindia nchi hiyo dhahabu Vancouver 2010, akarudia Sochi 2014, akarudia tena Pyeongchang 2018. Olimpiki tatu mfululizo, na ndani ya Sochi akiwashinda Warusi nyumbani kwao. Mdogo wake wa kiume, Anton Shipulin, alibaki Urusi na akawa bingwa wa dunia wa kupokezana.

Ninayoipenda zaidi ni familia ya Claude, kutoka milima ya Vosges, Ufaransa. Ndugu watatu, wote wanabiathloni. Fabien na Émilien wanateleza kwa Ufaransa. Florent anateleza kwa Ubelgiji. Mama mmoja, jiko moja, bendera mbili. Ubelgiji ina milima midogo na theluji haba, lakini ina nafasi. Campbell Wright naye alikulia New Zealand, wazazi Wamarekani. Alishindana kwa New Zealand, kisha akahamia timu ya Marekani ambayo ina mafundi, makocha na magari ya nta ya skii. Kwenye mashindano ya dunia ya 2025, Lenzerheide, alipata fedha mbili.

Hayo magari ya nta si mapambo. Skii isiyopakwa nta sahihi kwa theluji ya siku ile inakwama, na nchi tajiri zinasafiri na mafundi ambao kazi yao ni kujaribu jozi baada ya jozi tangu alfajiri. Anayetoka nchi ndogo anaweza kuwa na mapafu yaleyale na shabaha ileile, akashindwa na fundi. Ndiyo maana napata tabu mtu akiniambia kwamba waliohama wamesaliti nchi. Kwa wengi wao, kuhama ni kama mwalimu aliyeomba uhamisho kwenda shule yenye maabara.

Kuna pia milango inayofungwa bila mchezaji kuulizwa. Tangu Machi 2022, baada ya uvamizi wa Ukraine, Warusi na Wabelarusi walizuiwa kushindana katika mashindano ya IBU. Aliyekuwa na miaka 26 wakati huo, miaka yake bora ilipita akishindana ndani ya nchi yake tu.

Kazi ya miaka mingapi?

Hapa ndipo watu hutafuta kanuni na kukuta haipo. Ole Einar Bjørndalen, mtoto wa mkulima wa Simostranda, Norway, alianza Olimpiki Lillehammer 1994. Salt Lake City 2002 alishinda mbio zote nne zilizokuwepo kwa wanaume. Sochi 2014, akiwa na miaka 40, akashinda mbio fupi. Dhahabu nane za Olimpiki. Mwaka 2018, akikaribia kutimiza miaka 44, hakuchaguliwa kwenye timu ya Norway, na miezi michache baadaye akastaafu. Hata hapo alikuwa bado anatamani kuendelea. Kilichomzuia ni moyo wake uliokuwa umeanza kupiga bila mpangilio.

Kinyume chake ni Magdalena Neuner. Dhahabu mbili za Vancouver, dhahabu 12 za mashindano ya dunia. Aliacha Machi 2012, akiwa na miaka 25, akiwa ndiye anayeongoza Kombe la Dunia. Hakuumia wala hakufukuzwa, alitaka maisha mengine. Laura Dahlmeier alifuata nyayo: dhahabu tano kati ya mbio sita mwaka 2017 kule Hochfilzen, mbili za Olimpiki mwaka uliofuata, kisha Mei 2019 akasema basi, naye akiwa na miaka 25. Akasomea michezo chuo kikuu, akawa mwongozaji wa wapanda milima, akawa sauti ya televisheni wakati wa mashindano. Julai 2025 aliangukiwa na mawe akipanda Laila Peak, Pakistan, akafariki. Alikuwa na miaka 31.

Kati ya hao wawili na Bjørndalen kuna Franziska Preuß, Mjerumani mwingine wa forodha. Aliingia Kombe la Dunia mwaka 2013 akiwa kijana wa kuangaliwa, kisha akapitia miaka ya maradhi na majeraha, misimu iliyokatika katikati. Tuzo ya kioo aliipata mara ya kwanza mwaka 2025, akiwa na miaka 31, katika mbio za mwisho kabisa za msimu. Je, mtu anayelipwa kwa ushindi tu angeweza kusubiri miaka 12? Sidhani. Huu ndio upande wa mfumo wa ajira ambao wakosoaji wake huusahau: unamvumilia anayeugua.

Vilevile si lazima uanze utotoni, angalau kwa upande wa bunduki. Denise Herrmann alikuwa mtelezaji wa kawaida wa skii, tena mwenye medali ya shaba ya Olimpiki katika mbio za kupokezana za Sochi 2014. Mwaka 2016 akahamia biathloni, akajifunza kulenga akiwa mtu mzima wa miaka 27. Beijing 2022 alishinda ile mbio ya kilomita 15, ambayo adhabu yake kwa mlengaji mbaya ni kali kuliko zote. Yaani alishinda kwa kile alichochelewa kujifunza. Kwa upande mwingine, Stina Nilsson wa Sweden, bingwa wa Olimpiki wa skii wa 2018, alijaribu kuhama vivyo hivyo mwaka 2020, na baada ya misimu kadhaa akarudi kwenye mchezo wake wa zamani. Miguu inahamishika, utulivu wa kidole ni bahati nasibu.

Kuzaa hakumalizi kazi tena. Darya Domracheva wa Belarus, mwenye dhahabu tatu za Sochi, alijifungua mwaka 2016 na kurudi kushinda dhahabu ya kupokezana Pyeongchang 2018. Mumewe ni huyohuyo Bjørndalen. Baadaye wote wawili walikwenda China kufundisha timu ya taifa kuelekea Beijing 2022, jambo linalokuonyesha soko lingine la kazi hii: ukocha unavuka mipaka kwa urahisi kuliko uchezaji. Siegfried Mazet, Mfaransa aliyemfundisha kulenga Martin Fourcade, bingwa mkubwa wa Ufaransa, alihamia Norway mwaka 2016 na kuanza kuwanoa wapinzani wa Fourcade. Mmoja wao alikuwa Johannes Thingnes Bø.

Bø ndiye aliyewashtua wengi kwa kuondoka. Dhahabu tano za Olimpiki, nne kati ya hizo Beijing peke yake, na 23 za mashindano ya dunia. Januari 2025, kule Ruhpolding, akiwa na miaka 31, alitangaza kwamba anamaliza msimu na kuacha mchezo. Sababu aliyoitoa ni familia: siku nyingi mno mbali na mke na watoto. Kaka yake Tarjei akaondoka naye, siku moja, Holmenkollen. Waliotarajia afike Olimpiki ya 2026 walinung'unika. Kwangu mimi hakuna kitendawili. Mtu anayelala hotelini kuanzia Novemba hadi Machi, na kwenye kambi za mazoezi majira ya joto, akihesabu siku kama baharia, halazimiki kutoa maelezo marefu.

Na swali lililobaki kwenye grupu

Lazima mtu atauliza: na sisi je? Kenya ilishapeleka mtu kwenye skii. Philip Boit, mkimbiaji wa masafa ya kati, alipelekwa Finland kujifunza kuteleza, akashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano 1998. Aliingia wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alikataa kuondoka pale mwisho wa njia hadi Boit afike, akamkumbatia. Hiyo ilikuwa skii tupu, bila bunduki, na Boit alirudi Olimpiki mara mbili zaidi.

Theluji si kizuizi kikubwa kama inavyodhaniwa. IBU ina mashindano ya dunia ya majira ya joto, yanayochezwa kwa skii za magurudumu juu ya lami, na lami tunayo, milima tunayo. Kibali cha bunduki ni suala la makaratasi, na vikosi vinavyojua kutunza silaha na kulea wakimbiaji tunavyo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa mezani na kamanda mmoja, akamweleza kwamba anaomba askari kijana, mwenye mapafu ya Kipchoge, aachiwe miaka kumi bila lindo, alipwe, apelekwe Ulaya kila Novemba, na kwamba kwa miaka saba ya kwanza atakuwa anamaliza wa 90. Boit alimaliza wa 92, na mwanawe aliyezaliwa baadaye alimpa jina Dæhlie.